Kupima Mtoto kwa Kumtuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mtu wa kufungua mlango. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kituo chetu cha kupima watoto kilikuwa vyumba viwili nyuma ya shule moja ya msingi hapa Voi: kimoja cha kupimia, kingine cha kuweka vitu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Vumbi la Voi halina heshima kwa viatu vipya, na kufikia saa mbili vilikuwa vimeshika rangi ya barabara. Mratibu wa kituo, mkubwa wetu, mtu wa Taveta mrefu na mkavu wa maneno, alinitazama miguu kwanza halafu uso, akaniuliza, "Mwalimu, wewe unaota kwa lugha gani?"

Nikamwambia naota kwa Kidawida, lugha yetu ya vilimani, nahesabu kwa Kiswahili, na ripoti naandika kwa Kiingereza. Akasema basi kazi nimepata, ingawa barua ya kazi nilikuwa nayo tayari kwenye mkoba.

Nyinyi vijana mnaiita kazi ile saikolojia ya shule. Sisi tuliitwa walimu wapimaji, na akina mama sokoni walituita "wale wa kupima vichwa". Shule ikishindwa na mtoto, mwalimu mkuu alijaza fomu ya rufaa, yaani ya kumleta kwetu. Tulianza na masikio, kwa mashine ya odiometa inayotoa milio midogo, mtoto akiisikia anainua mkono. Tukaenda macho. Mwisho ndiyo akili: kadi za picha, vipande vya mbao vya kupanga, na maswali. Majibu yalijumlishwa tukapata kile tulichokiita umri wa akili. Mtoto wa miaka tisa akijibu kama wa miaka minne, unaandika minne, na ile minne inaweza kumpeleka mbali na kwao.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya ulimi wangu. Watoto wengi walishuka kutoka vilimani na Kidawida kitupu, wakaulizwa darasani kwa Kiingereza, wakanyamaza, wakaitwa wajinga. Kwa hiyo tulipima kwa lugha mbili. Swali liliulizwa kwa Kiswahili, lisipojibiwa likarudiwa kwa lugha ya nyumbani, na jibu lililo bora ndilo lililoandikwa. Mwaka wa kwanza watoto kadhaa walirudi madarasani mwao kwa njia hiyo, nami nikavimba kichwa. Nilidhani mtoto akisemeshwa lugha ya mama yake, yote yamekwisha.

Ndipo akaja Wakesho.

Alikuwa msichana wa miaka tisa, mzaliwa wa Mghange, aliyeletwa Voi kuishi na shangazi yake, Mama Righa, muuza kabichi na sukuma wiki sokoni. Alikuwa amekaa darasa la kwanza mara mbili bila kumjibu mwalimu swali hata moja. Mwalimu wake mkuu aliandika kwenye fomu kwamba wameshindwa naye, na kwamba kuna nafasi katika shule maalum ya bweni, nje ya wilaya, mbali sana na soko la Voi.

Nilimpima asubuhi nzima. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Macho mazima. Nikatoa kadi. Nikamwonyesha ng'ombe, nikamuuliza kwa Kiswahili, hiki ni nini? Kimya. Nikarudia kwa Kidawida, tena kile chetu cha nyumbani, kwa sauti ya upole. Kimya. Kuku, jembe, chungu, vyote kimya. Alinitazama usoni, akatazama kadi, akatazama chini, na nikaona kama ananihurumia. Mama Righa alikuwa akingoja nje na kikapu chake. Nilimwambia kwamba nimejaribu lugha zote mbili. Nikaandika minne, nikatia sahihi, Mratibu akapiga muhuri. Gari la kumchukua mtoto lingekuja Jumatatu ya juma lililofuata, nami nikapita nyumbani kwa Mama Righa kumwambia.

Sikulala vibaya. Nasema ukweli, kwa maana aibu hiyo ni yangu na nimekaa nayo muda wa kutosha. Nilikuwa nimefuata utaratibu.

Siku ya Alhamisi, saa za chakula cha mchana, nikiwa nimekaa ofisini na muhogo wangu, mlango ukabishwa. Wakesho. Peke yake, mikono nyuma, miguu pamoja. Akanisalimu kwa Kidawida kama mtoto aliyelelewa, akangoja niitikie, kisha akasema yaliyomleta.

"Shangazi amenituma mambo matatu. La kwanza, kabichi za Werugha zimefika leo, hazijanyauka, kama unataka amekuwekea mbili. La pili, anauliza kama gari ni Jumatatu kweli, ili aanze kufua nguo zangu mapema. La tatu, mwavuli wako uliusahau kwetu ulipokuja kumwona, tumeuacha kwa fundi wa nguo kwa sababu unavuja na yeye ana uzi mgumu."

Nikauweka muhogo chini. Huyo ndiye niliyemwandikia miaka minne. Alikuwa ameleta mambo matatu kwa mpangilio, hakudondosha hata moja, na la pili lilikuwa ni habari ya kupelekwa kwake mwenyewe, akalileta vilevile kama la kabichi, kwa sababu alikuwa ametumwa. Nikashindwa kumtazama.

Nikamwita akae. Nikamuuliza mbona siku ile hakunijibu hata neno.

"Uliniuliza ng'ombe ni nini," akasema. "Na wewe ni mtu wa Werugha. Unamjua ng'ombe."

"Kwa hiyo?"

"Mtu mzima akikuuliza kitu anachokijua, anakutega. Bibi alisema ukitegwa, nyamaza."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya kicheko tu. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Kwetu mtoto haulizwi na mkubwa hiki ni nini, anaambiwa kalete. Akili ya mtoto bibi zetu waliijua kwa kumtuma: atumwe kwa jirani, afikishe neno lilivyo, na arudi na jibu. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikaenda Nairobi kusomea elimu maalum, na huko kote nikausahau ujuzi ambao bibi yangu alikuwa nao bila cheti. Nilikuwa nimebadilisha lugha ya swali nikaacha swali lenyewe lilivyo.

Mratibu hakufurahi nilipomwambia nataka kuondoa sahihi yangu. Fomu ilikuwa imeshapigwa muhuri na nakala imeshapanda Wundanyi kwa afisa wa elimu wa wilaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu, hiyo uliyonipa ni hadithi," akasema. "Mimi nataka kipimo. Niletee kipimo kabla ya Jumatatu, nami nitapanda Wundanyi mwenyewe."

Basi tukakaa, mimi na yule mzee mkavu, tukatunga kipimo. Kumbe alikuwa na utundu! Yeye ndiye aliyechagua ujumbe, akauandika kwenye karatasi na kuuficha chini ya odiometa, ili hata mimi nisimsaidie mtoto kwa macho. Akachagua Ijumaa, saa saba kasoro, nami sikuelewa kwa nini.

Wakesho akaja. Mratibu akamtuma kwa Kiswahili, mara moja tu, bila kurudia. Aende dukani kwa Bi Zuhura, amuulize kama daftari za mistari zimefika, na amkumbushe birika la ofisi aliloazima. Kisha aende sokoni kwa shangazi yake, amuulize kwa Kidawida lori la mboga la kesho litafika saa ngapi. Mwisho apite kwa fundi wa nguo, aulize kama koti la Mratibu liko tayari. Mtoto akaitikia, akatoka. Nikakaa natazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wake mwenyewe.

Alirudi baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama kwaresima. Hakuwa akihema. Akasimama mbele ya meza.

"Bi Zuhura anakusalimu. Daftari zimefika lakini ni zile ndogo, anauliza akuwekee au ungoje kubwa. Birika atalileta kesho, leo ana wageni kutoka Mombasa. Shangazi anasema lori ni saa moja asubuhi, kama halitaharibika Mwatate. Fundi sikumpata, ameenda msikitini."

Mratibu akanitazama kwa pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa ile saa saba kasoro. Alitaka kuona mtoto akikuta mlango umefungwa atafanya nini.

"Basi hukuleta jibu la koti," akamwambia.

"Nimeleta. Nilimuuliza fundi viatu, jirani yake. Anasema koti limeisha ila vifungo. Ulivyoleta vimepungua kimoja."

Mratibu akapeleka mkono mfukoni, akapekuapekua, akatoa kifungo. Kikubwa, cheusi. Akakiweka mezani mbele yetu sote watatu. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwona akicheka ila siku hiyo, na alicheka kwa mabega yote. Kisha akachukua nakala yetu ya fomu, akakata ile minne kwa mistari miwili, na chini kabisa, kwenye mstari ulioandikwa "Maoni mengine", akaandika kwa mkono wake kila ujumbe na kila jibu. Jumamosi akapanda Wundanyi hadi nyumbani kwa afisa wa elimu. Jumatatu gari halikuja.

Bi Zuhura yeye hakungoja kesho. Alikuja jioni ileile ya Ijumaa na birika letu, wageni kawaacha nyumbani, akasimama mlangoni na buibui lake. "Nimesikia mwataka kumpeleka mtoto huyu kwa wasiojiweza," akasema. "Mwanangu, mtoto aliyenisalimu vile, akangoja nimalize na mteja, ndipo akasema lake? Akili iwe ya nani tena?"

Ilibaki kazi moja. Nilimketisha Wakesho nikamweleza kwamba shuleni mwalimu anajua jibu, ila anataka kuona kama na wewe unalijua. Hakutegi. Akauliza, "Kwa hiyo ni mchezo?" Nikamwambia ni mchezo. Nikatoa kadi zote. Alijibu ng'ombe, kuku, jembe, chungu, kwa lugha mbili bila kuombwa, halafu akarudi kwenye ile ya kwanza na kunijulisha kwamba ng'ombe yule kachorwa vibaya, kwato zake ni za punda. Nikaitazama vizuri. Ni kweli.

Baada ya hapo nilihamishiwa Taveta, ambako mkaguzi wa shule aliniuliza kipimo hiki kinaitwaje kitaalamu. Nikamwambia kinaitwa kutuma. Hakupenda, lakini baada ya kumtuma mtoto mmoja mwenyewe na kurudishiwa jibu asilolitegemea, alianza kuwaambia wenzake kana kwamba alikibuni yeye. Kutoka huko nikapandishwa Wundanyi, chini ya afisa mmoja aliyependa fomu kuliko chakula. Alinionya nisiandike mambo ya birika na vifungo kwenye karatasi za serikali. Nikaendelea kuyaandika kwenye "Maoni mengine", kwa herufi ndogo, na watoto wengine wakabaki shuleni kwao kwa ajili ya mistari hiyo. Wengine walihitaji kweli shule maalum, nao tuliwapeleka bila wasiwasi, kwa sababu tulikuwa tumewauliza vizuri.

Sasa nimestaafu. Nakaa Werugha na ng'ombe wangu wawili, ukungu na magoti yanayouma. Maziwa nayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia, na karani wa pale, anayepima na kuandika na kuwagombeza wanaotia maji, ni Wakesho. Ana watoto wawili na sauti inayosikika bonde lote. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu, hiki ni nini?" huku ameinua kopo langu la maziwa, nami nanyamaza, kisha tunacheka sote wawili.

Mwezi uliopita nilikuwa nashuka Voi kwa daktari wa macho. Wakesho akanituma. Mambo matatu, mara moja, bila kurudia. Nimpitie Bi Zuhura, ambaye sasa ni mzee sana, nimpe chupa ya maziwa ya mtindi. Nimwambie mjukuu wake anayeshika duka kwamba makopo aliyoleta yanavuja. Na nimpitie Mama Righa.

Nilirudi jioni nimejaa fahari. Nikamweleza habari za mtindi, Bi Zuhura alivyofurahi, na za makopo, mjukuu alivyoomba radhi. Nikamwambia nilimkuta Mama Righa mzima, tumekunywa chai, tumecheka.

"Na gari?" akauliza.

"Gari gani?"

Wakesho akaweka kalamu chini. "Mwalimu. Nilikutuma umwambie gari ni Jumatatu. Namleta huku kwangu, akae nami, asiendelee kuzeeka peke yake. Sasa atafuaje nguo mapema?"

Nilisimama pale na kopo tupu mkononi, mpimaji mstaafu, nimeshindwa kipimo changu mwenyewe. Nilijua alikuwa amechagua maneno yale, na alijua kwamba ninajua. Hakucheka mpaka nilipoanza mimi.

Kesho yake nikashuka tena Voi na magoti yangu, kwa ujumbe mmoja tu. Njia nzima nilikuwa nikiurudia moyoni. Mama Righa alinisikiliza mlangoni, akatazama jua lilipofika, akaingia ndani kutafuta beseni. Nami nikapanda kilima na jibu lake: mwambie mwanangu Jumatatu saa tatu atanikuta nimeketi nje, nguo zote zimekauka.