Kitalu Nyumba cha Pili cha Mtambile

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kitalu nyumba alfajiri, nikitetemeka kwa baridi. Lilikuwa shamba la maua kwenye miinuko ya upande wa Arusha, na mimi nilikuwa kijana wa Mtambile, Pemba, ambaye sikuwahi kumiliki sweta maishani mwangu. Nilipovuka mlango nikapigwa na vuguvugu usoni, kama mtu aliyefunua chungu cha wali. Meneja wa Vitalu, mtu mfupi mwenye sauti nzito, akaniuliza vuguvugu lile limetoka wapi.

"Kwenye jua, bosi."

"Jua la lini?" akauliza, maana lilikuwa halijachomoza bado.

Nikageuka kutazama mlango. Akacheka, akasema, "Wewe mtu wa pwani, joto hulijui. Umelelewa nalo tu."

Maneno yale yaliniuma, na nimeyafanyia kazi miaka yote niliyoajiriwa. Leo nimestaafu, na nawaandikia vijana ili wajue kuwa mtu wa Pemba aliyetoka nyumbani na begi moja anaweza kulisoma joto mpaka akalifundisha kwa wengine.

Kwa wasiojua, kitalu nyumba, ambacho wengi hukiita grinihausi, ni nyumba ya mimea. Kiunzi chake ni cha miti au mabomba, na juu yake huvikwa nailoni nzito inayopitisha mwanga. Mwanga ukiingia na kugusa udongo hugeuka joto, na joto hilo halitoki kirahisi kama mwanga ulivyoingia. Nilianza kama kibarua wa kukunja na kukunjua mapazia ya pembeni. Sikuwa na mjomba ofisini wala mtu wa kunisemea. Mchana nilifanya kazi, jioni nilisoma, mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa kilimo, ambayo sasa imetundikwa sebuleni kwangu ndani ya kioo na mgeni huiona kabla hajakaa. Wengi niliokuja nao walirudi pwani, baridi iliwashinda. Mimi nilinunua sweta.

Nilipokuwa fundi kamili nikahamishiwa Njombe, kwenye shamba la miche ya mboga. Huko asubuhi utakuta umande umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi. Mkubwa wangu alikuwa Mhandisi Mkuu, mzee aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua. Aliniamuru nitandaze mawe meusi chini ya vichanja vya miche, nami nikadhani ananitania.

"Mchana nataka uweke akiba," akasema. "Usiku miche itakula."

Mawe hufyonza joto mchana na kuliachia taratibu usiku. Yeye ndiye aliyenifundisha pia kukivika kitalu nailoni mbili badala ya moja, na kuacha nafasi katikati, kwa sababu hewa iliyotulia ni blanketi. Msimu ule wa baridi mashamba ya jirani yalipoteza miche mingi. Vitalu nilivyosimamia mimi havikupoteza hata safu moja, na Mhandisi Mkuu alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Sijisifu, nasema yaliyotokea.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Oman. Kule joto ni la bure na shida ni kulitoa. Mkurugenzi wa Shamba hakutaka kusikia kipimo cha joto peke yake. Kila asubuhi nilipomtajia, aliuliza neno lile lile: "Na unyevu?" Kwake nikaelewa kuwa hewa ya moto iliyojaa maji haikaushi kitu, inapika. Kwa hiyo nyumba inayoshika joto lazima iwe na pua, tundu dogo la kutolea mvuke, juu kabisa ya paa.

Niliporudi Mtambile nilijenga nyumba kwa jasho langu, na uwani nikajenga kitalu nyumba cha kwanza kuonekana kijijini kwetu, cha miti na nailoni moja. Nililima tungule, au nyanya kama wasemavyo bara, na pilipili boga ndani yake, na msimu wa karafuu nikamuachia dada yangu aanike humo.

Dada yangu ni Bi Mize, mkubwa wangu, na ndiye aliyebaki na mikarafuu ya marehemu baba wakati mimi nikizunguka dunia. Karafuu haina subira. Ikishachumwa na kuchambuliwa, yaani kutenganishwa na makonyo yake, vile vijiti vinavyoishika, inataka kukauka upesi. Ikilundikwa mbichi huvunda, ikawa nyeupe na nyepesi isiyo na harufu, na mnunuzi hataki hata kuigusa. Na mavuno yetu mara nyingi huangukia kwenye mvua za vuli. Ndiyo sababu tuna desturi ambayo sikuikuta popote nilikofanya kazi. Tone la kwanza likianguka, yeyote anayepita, hata kama jana mligombana, huingia uwanjani kwako na kuanza kuanua, yaani kukusanya karafuu zilizo kwenye majamvi na kuzikimbiza ndani. Hakuna anayeomba na hakuna anayeshukuru. Kesho utamfanyia yeye.

Kitalu kile cha kwanza kilifanya kazi yake vizuri, lakini kilizeeka. Nailoni ikawa manjano na kupasuka, mchwa wakala miti, na joto likawa linatoroka mara tu jua linapojificha. Vuli ya mwaka juzi mawingu yalikaa yasitake kuondoka, na nusu ya karafuu za Bi Mize zikavundia humo. Alizimwaga mwenyewe kwenye migomba. Baada ya hapo akanambia kuwa mwanawe aliyeko Unguja amemtengenezea chumba.

"Nikiharibikiwa na msimu ujao, ntakwenda," akasema. "Mikarafuu ataichuma atakaye. Mie nimechoka kukimbizana na mawingu."

Mikarafuu ile baba aliipanda kwa mikono yake, na katika watoto wake tuliobaki Pemba ni sisi wawili tu. Nikamwambia asifunge mizigo, nitamjengea kitalu ambacho mawingu hayatakiweza.

"Weye na cheti chako," akasema.

"Stashahada," nikamsahihisha.

Nikakibomoa cha zamani mpaka chini. Cha kwanza nilikuwa nimekijengea mboga, cha pili nilikijengea karafuu, na ndani yake niliweka kila nilichokipata kazini. Chini nilitandaza mawe niliyoyapaka rangi nyeusi. Kuta za pembeni nilizifanya fupi na za pande mbili, katikati nikashindilia makumbi makavu ya nazi, ambayo hayana gharama kwetu na huzuia joto kuliko vitu vingi vya dukani. Juu nikavika nailoni mbili. Kwenye kilele nikaacha pua yenye kifuniko, na karibu na ardhi matundu madogo ya kuvutia hewa kavu. Karafuu zitalala kwenye vichanja vya wavu, hewa ipite juu na chini yake.

Nilimwajiri Fundi Shaame, mwashi jirani yetu, mtu asiyeweza kupanga jiwe bila kusema kitu.

"Mzee Hamad," akanambia siku ya makumbi, "watu wote hapa wanatafuta upepo. Wewe unajijengea jiko la kulala?"

"Utakuja kuniomba nafasi humu."

"Nikifa niosheni kwanza, ndipo mniingize," akasema, na wapita njia wakacheka mpaka barabarani. Niliwaacha wacheke. Nilishachekwa na mameneja, sembuse mwashi.

Msimu ulipofika, Bi Mize akaanika mavuno ya kwanza humo. Nilimweleza kwa utaratibu: mvua ikija, asiguse karafuu, afunge mlango tu. Akaitikia. Siku ya pili yake nikaenda bandari ya Wesha kupokea roli la nailoni ya akiba lililokuja na jahazi la mizigo, na nikiwa njiani kurudi, mbingu zikafunguka.

Nilipofika uwani nilikuta kitalu kitupu. Mlango uko wazi, vichanja havina hata punje. Karafuu zote zilikuwa ndani ya nyumba ya Bi Mize, inayopakana na uwa wangu, zimelundikwa sakafuni kwenye chumba cha nyuma, na watu wamejaa ukumbini, wamelowa chapachapa na wenye furaha. Nikaelewa mara moja. Mtu alipiga kelele ya mvua, na miguu ya watu ikafanya kile ilichozoea tangu utotoni. Fundi Shaame, aliyekijenga kitalu kwa mikono yake, ndiye aliyekuwa wa mbele kubeba.

"Tumeziwahi," Bi Mize akanambia, huku akikamua kanga yake. "Hata moja haikurowa."

Nikatia mkono ndani ya lundo. Lilikuwa limeanza kutoa jasho, ile harufu kali iliyochachuka ambayo kila Mpemba anaijua. Zingelala pale mpaka asubuhi, msimu ungekuwa umekwisha, na dada yangu angepanda boti kwenda Unguja kwa sababu ya wema wa majirani. Mtu mwingine angefoka. Mimi nimesimamia watu wa nchi mbili, najua kufoka hakubebi mzigo. Nikamwomba anifuate.

Tukaingia kitalu, nikafunga mlango. Mvua ilikuwa inapiga nailoni ya juu kama inataka kuitoboa, lakini ile ya chini haikuwa na tone. Bi Mize alisimama akaangalia huku na huku. Akavua kanga yake ya juu iliyolowa, akaitandika kwenye kichanja, kisha akainama na kuweka kiganja juu ya jiwe.

"Joto la nini hili?" akauliza. "Na jua halipo tangu asubuhi."

"La jana," nikasema.

Akakaa kwenye ukingo wa ukuta, nami nikakaa kando yake, tukasikiliza mvua. Mvuke ulianza kuinuka kutoka kwenye kanga na kwenda zake kwenye pua ya paa. Kila baada ya muda aliishika pindo, akaiachia. Mara ya mwisho akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipeleka shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akajitanda, akafungua mlango na kuita kuelekea nyumbani kwake.

"Shaame! Zirudisheni. Funikeni mapakacha kwa nailoni, na mfanye upesi, zisije zikavunda."

"Bi Mize, tumezitoa sasa hivi," Fundi Shaame akajibu kutoka ukumbini.

"Nnajua. Na weye ndo ulokuwa mbele. Sasa kuwa mbele kuzirudisha."

Wakazirudisha, wakicheka na kulaumiana nani aliyepiga kelele ya kwanza. Nilizitandaza mimi mwenyewe, nyembamba, nikafungua pua kidogo zaidi ili lile jasho lipate kutoka. Mawingu yalikaa kama vuli iliyotangulia, jua likichungulia na kujificha, na kitalu kikala kila mwanga kilioupata. Bi Mize alikuwa akiingia kila asubuhi, anachukua karafuu moja na kuivunja karibu na sikio. Siku karafuu ilipokatika kwa mlio, aliinyoosha mbele yangu, nyekundu ya kahawia kama inavyotakiwa. Kwenye kituo cha ununuzi zikapokelewa daraja la kwanza. Mwanawe alimsubiri Unguja, akampata siku za Idi tu, kisha akamrudisha Pemba.

Sasa nimepumzika, na kazi yangu ni kusoma kipimajoto na kusumbuliwa na wageni wanaotaka kuona. Nawaambia vijana: msidharau kusoma, na msidhani kuwa mtu akitoka kisiwani elimu yake inabaki huko alikokwenda. Baridi ya Njombe inakausha karafuu za Mtambile leo. Kama yule Meneja wa Vitalu angali hai, ningependa apite uwani kwangu asubuhi ya mawingu, aingie, na aniulize tena lile swali lake.

Mvua ikipiga, watu bado wanakimbilia uwanja wetu kama zamani, ila sasa wanakuja na karafuu zao kichwani, na Fundi Shaame hajawahi kuchelewa. Bi Mize husimama mlangoni akiwapangia vichanja na kuwaamrisha wafute miguu. Juzi kilijaa mpaka mapakacha mawili yakakosa nafasi, ikabidi tuyatandaze sebuleni kwangu, chini ya stashahada. Alipomaliza akaja kunitazama mimi niliyekuwa nakunywa kahawa.

"Hamad," akasema, "hichi chako kifupi."

Nilikuwa nimeshapigilia vigingi vya kingine kirefu.