Siku Niliyoinamiwa Kama Mjapani

Haki ya nani, hii stori ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje, ulimi unikauke.

Asubuhi niliamka mstaafu wa kuchora vibao vya maduka. Mchana, chuo kizima kilikuwa kinaniinamia kama Mjapani mkongwe.

Kisa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Ni mkuu wa idara ya masomo ya Asia chuoni. Mimi na yeye hatuivi chungu kimoja.

Idara ilianzia kwenye kachumba ka mafagio. Sasa imepewa ghorofa nzima, wanafunzi wamefurika, na ikapangwa sherehe. Kwenye kikao cha ukoo akajisifu weee, mpaka nikachoka. Nikasema mimi Japani nimeishi ujanani, nikiwa baharia, na maandishi yao nayaandika nimefumba macho.

Ndugu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Uongo wako ulimsindikiza dada yangu kaburini," akasema. "Njoo uandike jina la idara mbele ya wageni. Ukiumbuka, utaandika milango yote ya ghorofa yangu, bure. Na wajukuu hutawasimulia tena upuuzi wako."

Hapo kwenye wajukuu alinipiga pabaya. Bila stori, mimi kwao ni mzee wa kukohoa tu.

Nikakubali.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa suti. Nikapewa brashi na karatasi pana. Maumbo nilishayakariri kutoka bango la idara pale getini; jicho la kazi halisahau. Nikashuka nayo. Kingo zimenyooka, wino haujavuja.

Makofi yakalipuka. Wageni wakainama, nami nikainama hadi kiuno kikalia.

Nikamnong'oneza shemeji, "Vipi, koo limekauka?"

Akamwita binti wa mwaka wa kwanza, akampa maiki, akamwuliza ameona nini.

Binti alinitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba kila herufi ya kule ina mpangilio wake: mstari upi unatangulia, upi unafuata. Hata mtoto wa chekechea anafundishwa.

"Babu amechora kingo zote kwanza, halafu akajaza wino katikati," akasema. "Kama kibao cha duka."

Nyie, nilichekwa mpaka na mlinzi.

Shemeji akaniinamia sikioni. "Ningekuomba uniandikie milango, ungekubali?"

"Wewe? Bora nile brashi."

"Nilijua. Ndiyo maana nikakuchokoza pale kikaoni. Makopo ya rangi yapo koridoni tangu wiki iliyopita."

Sasa hivi nina rangi mpaka kwenye nyusi. Yule binti amesimama nyuma yangu na kitambaa; nikianza na kingo tu, anafuta. Shemeji anapita na chai yake, hata karibu hasemi.

Funzo: ukitaka kudanganya, usidanganye kwa kazi ambayo mikono yako inaijua. Mikono haina siri.

Jana wajukuu waliniomba stori. Nikakohoa.

Ila nyie wa mtandaoni, makubaliano hayakuwataja.