Upande Lilikotoka Bomu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha bajaji yake, Mama Philomène hukaa kwanza kwenye kiti cha nyuma, cha abiria. Hujiegemeza, hutazama turubai la juu, hutulia kidogo kama mtu anayepelekwa mahali. Vijana wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, pale Kabondo walishamzoea.

"Mama Philo, client wa leo njo weye mwenyewe?"

"Njo client moja tu mwenye haogopake mashimo," huwajibu, kisha huhamia mbele.

Kwa bajaji hiyo huwazungusha wageni mjini Kisangani: posta ya zamani, kanisa kuu kando ya mto, kuta zenye matundu ya risasi, na mwisho maporomoko ya Wagenia. Siku hiyo alimchukua pia Wivine, binti wa jirani aliyemaliza masomo ya historia chuo kikuu, amsikilizie maelezo yake na kumsahihisha. Wivine ni mtu wa haya. Aliketi ukingoni kabisa, nusura aanguke nje, ili kumwachia mgeni nafasi. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha nchi za mashariki. Alisema amekuja kibiashara.

Walipofika Kabondo, Mama Philomène alisimamisha bajaji mbele ya nyumba yake mwenyewe, iliyojengwa upya vilevile juu ya msingi wa zamani. Wivine alikijua kisa hicho tangu utotoni. Juni 2000, katika vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yaligombea mji usio wao. Mizinga ilinguruma ng'ambo ya mto Tshopo, karibu na daraja, na hakuna raia aliyethubutu kutoka nje. Zacharie, mume wa Mama Philomène, alimtoa mtoto wao Eddy jikoni, akamlaza chumba cha upande wa daraja. Bomu likaiangusha nyumba yote, na mtoto akafa humo chumbani. Mama Philomène alimfukuza mumewe kabla ya matanga kwisha. Hawajasemezana mpaka leo, ingawa Zacharie yupo mji huu huu, anatengeneza baiskeli Mangobo.

"Alimuweka mutoto mbele ya mzinga," alimalizia, kama anavyomalizia siku zote.

Mgeni alikuwa ameshashuka. Alitazama nyumba, kisha akageuka kuitazama shule iliyo mwisho wa barabara, upande wa mbali na daraja.

"Samahani, mama. Lililopiga hapa halikutoka darajani."

"Weye unajua aje?"

Mgeni alitembea hadi shuleni, akazunguka hadi ukuta wa ubavuni unaotazama nyumba ile, nao wakamfuata. Akainama kwenye magugu, akapapasa ukuta mpaka mkono wake ukatua juu ya kiraka kikubwa cha saruji. Wivine alisoma shule hiyo utoto wake wote na hakuwahi kukiona.

"Tulitoboa hapa kwa nyundo, tukapitisha mdomo wa mzinga," alisema mgeni. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliambiwa nyumba zile hazina watu."

Wivine alimwona Mama Philomène akigeuka kuitazama nyumba yake, mkono ukinyooka kutoka shuleni, ukafika jikoni, ukapita hadi chumbani. Jiko ndilo lililoelekea shule. Chumba kilikuwa nyuma ya jiko. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mahali pa mbali zaidi na mzinga ule pa kumficha mtoto.

Mama Philomène akaushika ukuta. Mgeni akaanza kuomba msamaha, naye akamkatiza kwa kiganja.

"Panda."

Mgeni akapanda. Bajaji ikaondoka kwa kishindo, ikayapita mashimo bila kuyakwepa. Wivine alingoja maelezo ya kituo kinachofuata, hayakuja. Kwenye njia panda ya Wagenia, Mama Philomène akakata upande wa pili.

"Mama, maporomoko si kule?" mgeni aliuliza, ameng'ang'ania chuma cha kiti.

Wivine alikitazama kisogo cha Mama Philomène, akamwaza Eddy, akamwaza mtu huyu aliyeketi kando yake, na akaogopa lile litakalotokea. Tangu asubuhi hakuwa ametamka neno. Sasa akainama mbele.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kwa Zacharie. Huyu njo atamuelezea. Miye sitaweza."