Fundi Meno na Uzi wa Kioo

Miaka ishirini na saba wenzake kazini walimwita Meno, na jina hilo hakupewa bure. Mafundi wengine wa simu walimenya waya wa shaba kwa koleo. Yeye aliuweka pembeni mwa mdomo, akauma kidogo, akavuta, akatema kipande cha plastiki, shaba ikabaki inang'aa. Kufumba na kufumbua. Mkewe alimsema mpaka akachoka.

"Hayo meno yakiisha utakula nini, baba watoto?"

"Uji," alijibu, na kesho yake akarudia yaleyale.

Ila alichokipenda hasa kilikuwa kusikiliza. Alibana simu yake ya kupimia laini kwenye waya mbili, akatega sikio, akajua laini inaumwa nini. Mkwaruzo mkavu, kiungo kimelegea. Mchemko kama wa sufuria, maji yameingia. Hata intaneti ilipoanza kupita kwenye waya hizohizo, aliisikia ikipiga mluzi na kukoroma, akacheka peke yake juu ya nguzo.

Sasa kampuni ilikuwa inahamia kwenye faiba: nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na ndani yake intaneti inapita kama mwanga. Yaani mwanga kabisa! Tangazo likabandikwa mlangoni. Kila fundi atafanya mtihani wa kuunganisha faiba. Atakayefaulu atabaki barabarani, atakayeshindwa atahamia stoo.

Stoo Meno aliijua. Haina dirisha. Mtu aliyezoea kuona mapaa ya mji mzima, umfungie mle na makopo ya gundi? Bora umzike tu.

Mkufunzi alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. "Kila mtu ana nafasi tatu," alisema. "Unamenya, unasafisha, unakata, unaweka kwenye mashine."

Nafasi ya kwanza, uzi ulivunjika hata hajauona vizuri.

"Taratibu, mzee wangu. Huu hautaki nguvu."

Ya pili, alitulia. Akaushika uzi, na mawazo yakaenda zake mbali, juu ya nguzo ya mtaa wenye ngazi, asubuhi ya upepo, laini zote zikimnong'oneza. Mkono nao ukafanya ulichokizoea. Ukaupeleka uzi mdomoni.

"Usiume! Mzee, tema! Tema!"

Mkufunzi akawasha tochi, akamkagua ulimi na fizi akitafuta kipande cha kioo. Meno kaachama, macho darini. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Jamani, huyu anataka kuila intaneti!" Darasa likaangua kicheko. Hata yeye angecheka, ila utachekaje na tochi iko mdomoni?

"Uko salama," mkufunzi akasema hatimaye. "Imebaki moja."

Meno akaangaza mezani, akachukua utepe wa gundi, akakata kipande, akajibandika mdomoni. Kicheko kikafa. Akapumua kwa pua. Akamenya kwa koleo dogo, akasafisha, akakata, akalaza ncha mbili ndani ya mashine. Kwenye skrini ndogo ya mashine nyuzi zilionekana nene kama mabomba, zikasogeleana polepole, cheche ikamulika, zikawa moja.

Mkufunzi akasoma namba ya kipimo kwenye mashine, akaisoma tena. "Umefaulu. Tena vizuri kuliko wote."

Watu wakapiga makofi. Meno akabandua utepe, sehemu ya masharubu ikaondoka nao, wala hakushtuka. Bado alikuwa ameiinamia mashine.

"Sasa inapitisha?"

"Inapitisha, mzee."

"Mbona kimya?"

"Mwanga hauna sauti."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. Mkufunzi akampa kadi mpya na karatasi ya kazi. Kwa kuwa amefaulu, Jumatatu angeanzia mtaa wenye ngazi: aweke faiba, kisha azing'oe nyaya zote za shaba. Zile alizozivuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiwa bado kijana.

"Hakuna mwingine wa kuzing'oa, mwanangu?"

"Wewe ndiye unayejua zilikopita."

Ni kweli. Akatia saini. Alifika mlangoni, akarudi.

"Mpaka Jumatatu zitakuwa bado zina umeme?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Jumapili nitapita. Sitagusa kitu. Nitazisikiliza tu."

Mkufunzi akaitazama ratiba, akamtazama yeye, akachukua kalamu. Palipoandikwa Jumatatu akapiga mstari, akaandika Jumatano.