Kikopo cha Baba Mkwe

Nilikuwa na sababu mbili za kupanda Usambara. Ya kwanza ni kazi: maabara yetu ya Tanga inajaribu kipimo kinachotafuta kwenye mkojo dalili za moyo unaoshindwa kusukuma damu sawasawa. Moyo ukielemewa hutoa protini fulani, na vipande vyake hutoka na mkojo. Hakuna sindano, ni kikopo tu! Sababu ya pili ni baba mkwe wangu, Mzee Athumani wa Lukozi. Miguu inamvimba, kilima cha shambani kinamkata pumzi, naye anasema ni uzee. Mume wangu aliniaga kwa maneno mawili: "Mpime baba."

Mombo tulinunua maji, mimi na tabibu mwenzangu Eliasi, kisha gari likaanza kukwea. Njia nzima nilikuwa naimba. Eliasi akaniuliza kama napeleka vikopo au posa. Tulipofika Magamba kwenye baridi tukavaa masweta, na malori ya kabichi yakawa yanatupisha kwenye kona kwa honi ndefu.

Jioni tukaingia Lukozi. Mzee alikuwa uani akiosha karoti, ameketi, mkono kiunoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe," akajibu, macho kwenye karoti.

Ukweni kwangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, na neno zito hupitia kwa mtu wa kati. Nikamweleza mama mkwe kwamba tunahitaji mkojo wa asubuhi. Mzee, aliyekuwa anasikia kila kitu, akamwambia mkewe, "Mwambie mkwe nimesikia."

Asubuhi wanakijiji waliotangaziwa kipimo walifurika zahanati, vikopo wamevificha ndani ya makoti na kanga. Cha mzee alikileta mama mkwe. Nilikifungua kwa pupa, nikainama, na harufu ya mchaichai ikanijaa puani. Ilikuwa chai, tena ya moto! Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mama mkwe akajifunika uso. "Alinikataza nisiseme. Anasema, mkojo wake ukishikwa na mkwe, yeye sokoni atapita na uso gani?"

Kicheko kikaniishia. Kesho yake tulikuwa tunaondoka, na mzee angebaki na ile miguu yake. Nilitamani kulia kwa hasira, ila ningemkasirikia vipi mtu kwa kuniheshimu?

Eliasi ndiye aliyetuokoa. "Mama, mpelekee kikopo chenye namba tu, bila jina. Majina ninayo mimi. Huyu mkweo atapima bila kujua ni cha nani." Mama mkwe akaondoka karibu anakimbia.

Siku ya pili vikopo vyote vilikuwa vimepangwa mezani, vinafanana. Nikapima kimoja baada ya kingine, shwari. Mara kimoja kikapandisha mstari mzito kwenye karatasi ya kipimo, alama ya ile protini. "Kinasoma! Eliasi, kinasoma!" Niliruka. Kipimo chetu, mlimani kule, kilikuwa kimeuona moyo wa mtu! Eliasi akaitazama namba, kisha akalifunga haraka daftari lake la majina. Nikaelewa. Nilitoka nyuma ya zahanati nikalia, kisha nikanawa uso kwenye bomba.

Eliasi alimweleza mzee faraghani kwamba kipimo bado ni cha majaribio, na moyo wenyewe lazima utazamwe kwa mashine ya hospitali. Mzee akauliza swali moja tu: "Mkwe anajua?" Eliasi akamjibu, "Mimi sijamwambia."

Safari ya kurudi mzee alikaa mbele, mama mkwe na mimi nyuma, nami nikajifanya nimelala hadi hospitali. Picha ya moyo ikathibitisha: umechoka, lakini umewahiwa. Dawa zikaanza siku hiyo hiyo.

Nilipanda Usambara nikidhani kazi yote imo ndani ya kile kipimo. Nimeteremka nikijua kwamba mtu lazima kwanza aachiwe njia ya kukuletea kikopo bila kuvunjiwa heshima yake.

Juzi mama mkwe alinipigia simu. Mzee siku hizi anafika shambani bila kuketi njiani. Nilifurahi nikapiga kelele ofisini! Nyuma yake nikasikia sauti nzito: "Mwambie mkwe aje tena na vikopo vyake. Mchaichai safari hii tutaunywa."