Kikonyo cha Jani la Papai

"Legeza miguu, dada, tuone kama mirija ya uzazi inapitisha dawa," muuguzi aliniambia, mkononi ameshika kimpira chembamba, na hapo hapo nikakumbuka kikonyo cha jani la papai.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani Nanyamba, baba alimchinja mbuzi wetu jike kwa sababu hakuwahi kuzaa. Mimi na mama mdogo tukaachiwa kazi ya kuosha utumbo nyuma ya jiko. Kikonyo cha papai kina tundu ndani, basi tulikitumia kupulizia maji. Nilipofika kwenye mfuko wa uzazi, wenye pembe mbili zinazoishia kwenye vimrija kama uzi, nilitaka kuwatupia mbwa. Mama mdogo akanishika mkono.

"Yai linashuka humu," alisema, akigusa kimrija kimoja kwa kucha. "Mbegu ya beberu inapanda humu humu. Vinakutana njiani. Hospitali waliniambia hivyo."

Alikuwa ameolewa zamani, na mgongoni hajawahi kubeba mtoto ila mimi.

"Puliza."

Nikachomeka kikonyo kwenye mdomo wa mfuko, nikapuliza maji. Pembe zikatuna, zikang'aa, lakini kwenye ncha halikutoka hata tone. Upande wa pili vilevile. Mashavu yaliniuma. Mama akatuita, nyama inasubiriwa. Mama mdogo hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope lenye damu, macho hayabanduki kwenye ule uzi mweupe.

"Tena, mwanangu. Polepole."

Nikapuliza tena, na maji yote yakanirudi mdomoni.