Mazishi Yaliyokuwa Mahafali

Wifi yangu, mke wa kaka yangu na mwenye saluni ninayofanyia kazi, aliniita mwongo na mbumbumbu mbele ya wateja sita, mikono yangu ikiwa kichwani mwa mtu. Sikuweza hata kushika kiuno nikamjibu. Nilijua nikiachia nywele, na ulimi nitauachia.

Kosa langu nitalisema mwenyewe, asije akadai nimelificha. Mimi ni msusi. Anayesukwa hukaa kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha katikati ya magoti yangu, kwa hiyo televisheni haioni. Aliye chini ya mashine ya kukaushia nywele anaiona, ila hasikii kitu kwa ule mvumo. Na tamthilia yenyewe ilikuwa ya kigeni, tafsiri ikipita kwa maandishi chini ya kioo cha televisheni, madogo mno kusomeka kutoka kwenye mashine. Shule sikupelekwa, kusoma nimejifunza ukubwani kwa madaftari ya binti yangu, na yale maandishi yalikimbia kabla sijamaliza neno la kwanza. Siku moja mteja akauliza, "Dada, wanasemaje?" Ningesema sijui. Ulimi ukanitangulia.

Miezi minane nilisimulia. Mwanamume mmoja mwenye suti nilimfanya mume katili, nikampa tabia zote za mume wangu, yule aliyeondoka akabeba mpaka pasi. Kila akitokea, mikono ilikaza yenyewe.

"Dada, taratibu! Huyo mume si wangu," muuza vitambaa alilalamika.

Bibi mmoja nilimuua mara mbili. Muuguzi, mteja wangu wa miaka mingi, akanishtukia. "Si ulimzika mwezi uliopita?"

"Alizirai tu, shoga. Walikuwa na haraka."

Halafu ikaja siku watu wamevaa majoho meusi, wamejipanga mistari, akina mama wanajifuta machozi. Nikamzika kijana wa watu kwa ufundi mpaka saluni nzima ikalia. Na mimi nikalia, mjinga, kwa uongo wangu mwenyewe.

Wifi akanunua televisheni mpya, pana kama mlango, na tamthilia ile ile ikarudiwa tangu mwanzo, safari hii wahusika wakiongea Kiswahili. Akazima mashine. "Leo tusikie wenyewe," akasema.

Mume katili alikuwa wakili wa familia. Niliyoiita sumu ya mama mkwe ilikuwa dawa ya kifua. Nilisuka nikijifanya nahesabu mistari ya nywele. Mwezi wa tatu yakafika majoho meusi.

"Wifi, njoo uone mazishi yako! Marehemu kapata digrii!" mke wa kaka akapaza sauti.

Saluni ikaangua kicheko. Muuza vitambaa akajipiga paja. "Nami nililia mpaka wanja ukaniingia mdomoni! Nirudishie machozi yangu!"

Mpaka hapo nilicheka nao. Cha kuchekesha kinachekesha. Wifi hakutosheka. "Mnamlaumu bure. Mbumbumbu mahafali atayajulia wapi? Mwongo tu huyu, darasa hajawahi hata kulikanyaga."

Kicheko kikakatika. Aliyepelekwa shule ni kaka yangu, huyo huyo mume wake, na sare zake nilizifua mimi. Siku ya mahafali yake niliachwa nyumbani, niwapikie waliokwenda kumshangilia.

Sasa niiseme hiyo tamthilia ya kweli: ni mbovu. Watu wanaongea wamesimama, kisha mmoja anageuka kutazama dirishani. Chai inamiminwa, hainywewi. Wakili ni mwema tangu mwanzo, na mtu mwema asiyepumzika anasinzisha. Vitabu navyo wakati mwingine havina nafuu. Muuguzi aliniazima riwaya ambayo binti analia kila ukurasa na hakuna hata mmoja anayemfulia leso. Ilinichukua miezi miwili, maana nasoma kwa kidole, na kidole changu kilistahili kitabu bora zaidi. Hadithi yangu haikuwa bora sana, nakiri. Wafu wangu hawakutulia kaburini. Lakini hakuna aliyesinzia kigodani.

Tangu siku ile sisimulii tena. Juzi muuguzi aliinua kichwa kutoka magotini pangu, akanong'ona, "Shoga, hii ya kwenye kioo imenichosha. Kwenye yako, yule bibi alipona?"

"Waulize waliosoma," nikamjibu. Jibu zuri kweli. Nikasuka upande mzima wa kichwa chake nikilijutia, maana nilikuwa nimeshajua bibi atafanya nini.

Wifi ameniomba radhi mara moja, jikoni kwake, amenipa mgongo, bomba linamwaga maji. "Wifi, yale yaishe." Nikamwambia sijasikia. Kusikia nilisikia. Lakini tusi lilitolewa saluni, kwa sauti, watu wamejaa. Samahani ya kwenye bomba hailifikii. Anadaiwa pale pale saluni, mbele ya muuguzi na muuza vitambaa, mashine ikiwa imezimwa.

Na kaka anadaiwa lake, mbali na la mkewe: anikalishe siku moja anisimulie mahafali yake yalikuwaje, nani alilia, nani alimvisha joho, asiruke kitu.